Nilichagua Risasi Isiyovunjika, Nikamsingizia Jeannot

Makosa ni yangu, sitaki mtu anitetee. Jina langu mkilitaja nitahama Maryland, kwa hiyo niacheni tu hivi: Mkenya wa Silver Spring mwenye friza iliyojaa mahari yake mwenyewe. Mtanielewa mkifika mwisho.

Yote yalianzia kanisani. Nilikuwa nimempenda Ciru, nesi mmoja mtulivu, na mjomba wake, Anko Kimani, ndiye mkubwa wa familia yao huku. Siku moja baada ya ibada akaniuliza nyumbani nilikuwa nafanya kazi gani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nauza soda kwenye geti la mbuga ya wanyama. Nikamwambia nilikuwa ranger. Aki mdomo wangu! Simba wa karibu zaidi niliyewahi kumwona alikuwa kwenye kalenda.

Anko alifurahi hadi akanishika bega. Nami nikaona nimeshafika, nikanyamaza.

Tukapanga mahari. Anko ana shamba huko juu, ukipita Gaithersburg, na mahari ya kutumwa kwa simu aliikataa katakata. Alitaka mbuzi wanaopumua. Nikanunua mbuzi sita na kondoo mmoja, wakawekwa kwake kusubiri siku ya wazee. Kumbe huko kuna koyote, hawa mbweha wakubwa wa huku! Wiki mbili hazijaisha, mbuzi wawili wameliwa.

Anko akanipigia. "Kijana, hizo ni mbuzi zako mpaka siku tutazipokea. Si wewe ni ranger? Bunduki ninayo, leseni tutashughulikia. Kama mbuzi zinakushinda kulinda, Ciru utamlindaje?"

Woi!

Sasa nina rafiki, Jeannot, Mkongomani. Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kwa vile ndugu zangu wote wako Kenya, ndiye angesimama upande wangu siku ya mahari kama kaka. Huyu Jeannot, kwao Katanga, aliwahi kufanya kazi ya kuwafuatia wawindaji nyayo za wanyama, miaka mingi tu. Hajawahi kujisifia hata mara moja. Nikamwomba anisindikize, na mimi muuza soda ndiye niliyekuwa nampa mafunzo ya kuwinda!

Tukaenda dukani kununua risasi. Muuzaji, mzungu mzee mwenye subira, akaweka paketi mbili kwenye kaunta, zote saizi ya bunduki ya Anko. Akanieleza polepole kama anayeongea na mtoto. Hizi zenye ncha nyekundu ya plastiki zikiingia ndani ya mnyama zinapasuka humo humo, haziendi mbali. Ndizo za koyote, hasa ukiwa karibu na mabanda na nyumba. Hizi nyingine zimefunikwa shaba mwili mzima, ni ngumu, zinapita. Hizo ni za kutobolea karatasi kwenye uwanja wa shabaha.

Mimi nikasikia "zinapasuka" nikaziba masikio. Jamani, nimeishi Nairobi mimi! Nimenunua pasi ikapasuka, nimenunua viatu vikaachana soli katikati ya harusi ya watu. Kitu kinachopasuka ni feki, hilo halihitaji shule. Nikachukua zile ngumu.

"Hapana ile, ndugu," Jeannot akaninong'oneza. "Ile inapitaka. Itapita mu koyote, itapita mu ukuta, itaenda kufika kwa watu. C'est dangereux."

"Tulia. Nani alikuwa ranger hapa?"

Hakubishana. Akajinunulia paketi moja ya zile nyekundu, akaitia mfukoni. Akaniambia nikibadilisha mawazo, ziko pale.

Tulipofika shambani nilimwonyesha Anko paketi yangu kwa madaha. "Hizi hazivunjiki, nimechagua mwenyewe. Jeannot ndiye anabeba zile za kupasuka." Anko akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Giza likaingia. Tulikuwa na kispika kinacholia kama sungura anayeuawa, ndicho cha kuwaita koyote. Nikakitega mbele ya banda la mbuzi, kwa akili zangu timamu.

"Nyuma ya banda kuko nini?" Jeannot akauliza.

"Kuko giza," nikamjibu, na nikacheka peke yangu.

Koyote akaja kweli. Jeannot akammulika kwa tochi nyekundu, macho mawili yakawaka. Nikashika bunduki, nikafumba macho, yote mawili, nikafyatua.

Koyote akaondoka zake, hata mbio hakukimbia. Risasi ilipita kwenye kispika, ikaingia ukuta wa kwanza wa banda, ikatokea ukuta wa pili, ikatoboa mlango wa pikapu ya Anko. Sikujua Anko alikuwa amejileta kimya kimya na chupa ya chai, akakaa humo garini amtazame ranger kazini. Alichoponea ni kwamba dakika ile alikuwa ameshuka kukojoa.

Kispika nacho kikaharibika, kikakataa kuzima. Sungura analia, mbuzi wanalia, Anko anapiga nduru. Nikamtupia Jeannot bunduki, nikakimbilia kile kidude, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya mbuzi. Kikaendelea kulia humo humo na mapovu.

Anko akatokea ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Akaona bunduki mikononi mwa Jeannot.

"Nani amepiga?"

Ndugu wasomaji, hapa ndipo kosa lenyewe. "Ni Jeannot, Anko. Ametia zile zake za kupasuka. Nilimkataza!"

Jeannot akaniangalia, sungura bado analia kwenye ndoo. Alijua nikikosa mbele ya Anko nimemkosa Ciru.

"Pardon, Papa," akasema.

Tuliitafuta ile risasi garini, tusiione. Nikaona mwanya. "Si unaona, Anko? Imepasuka ikaisha. Ingekuwa yangu ingepatikana." Anko akamwambia Jeannot asikanyage tena pale, na siku ya mahari asionekane. Nami usiku ule nililala fofofo! Shetani gani alikuwa ameniingia?

Wiki zikapita. Anko akaanza kulalamika kwamba springi ya kiti cha pikapu imemfia, inamchoma. Akawa anaendesha barabara ya 270 kwa tako moja. Mimi ndiye niliyempelekea mto wa kukalia.

Siku ya mahari ikafika. Nimeazima shemasi wa kunisemea, sebule ya Anko imejaa, wamama wamepika chapati na matoke. Kwa desturi yao, kabla mbuzi hawajapokelewa msichana anaulizwa mbele ya watu. Anko akaita jikoni.

"Ciru, hizi mbuzi za huyu kijana tuzile?"

Akaja akijifuta mikono kwa taulo. Hakuniangalia. Akafungua kiganja, akaweka kitu mezani karibu na sahani ya chapati.

"Kabla sijajibu, Anko. Jana nilifungua kile kiti nikishone. Hii ndiyo springi yako."

Risasi. Nzima, imepinda kidogo tu, shaba inang'aa. Anko akavaa miwani, akaigeuza hivi, akaigeuza vile.

"Hii haijapasuka," akasema.

Ubora wa bidhaa, jamani! Nilitaka ardhi inimeze.

"Ciru, nilikuwa nataka tu—"

"Mlango wa gari unatengenezeka," akanikata. "Na u-ranger wako nilijua zamani ni uongo, wewe unakimbiaga bata wa pale bustanini. Ningeolewa tu na wewe hivyo hivyo. Lakini Jeannot alikuja hapa kama kaka yako, na ukamwacha afukuzwe kama mwizi." Akamgeukia mjomba wake. "Msizile."

Mbuzi nikarudishiwa siku ileile, wanne na kondoo wao. Ninakaa ghorofa ya tatu! Walilala kwenye balkoni usiku mbili, mlinzi wa jengo akigonga nasema ni mlio wa simu. Mwishowe nikawapeleka kwa mchinjaji. Sasa kila jioni narudi kazini napika mahari yangu, nakula peke yangu.

Wewe unayekwenda kuwinda, msikilize muuzaji. Chukua risasi inayoishia ndani ya mnyama, na kama hujui kilichoko nyuma yake, usifyatue. Na ukishaharibu, sema "ni mimi" kabla mtu hajauliza mara ya pili.

Anko alimpigia Jeannot akamwomba msamaha, siku hizi anaalikwa shambani. Mimi nilimwomba wangu pale kazini, kwenye korido. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kuvaa glavu. Kuna mzee mmoja tunayemwinua kitandani wawili wawili kila asubuhi. Jeannot anashika upande wake, nami wangu. Anasema "un, deux, trois," tunainua, na hayo ndiyo maneno yote anayonipa kwa siku.