Chili ya Cuco

Tencha Zepeda hakuwa mpishi, na hakuwahi kumdanganya mtu kwamba yeye ni mpishi. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hoteli, na mtu aliyekunja mashuka tangu alfajiri harudi nyumbani kuanza kutwanga bizari. Nguvu hizo atoe wapi? Kwa hiyo tangu aolewe, chili ya nyumbani kwake, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili, ilikuwa ya njia ya mkato. Mwanzoni alitumia nyama ya kusaga na unga wa pilipili wa pakiti. Baadaye hata hiyo akaiona kazi, akahamia kwenye mkebe: unafungua, unapasha moto, unanyunyizia kitunguu juu ili ionekane imepikwa. Mumewe, Cuco, alikula, akashukuru, akaosha na sahani. Ila kila baridi ilipoanza kuingia San Antonio alisema kwa upole, "Tencha, siku moja tupike ile ya mama."

"Kesho, mzee wangu," Tencha alijibu.

Kesho hiyo ilidumu ndoa nzima. Mwezi wa Machi Cuco alianguka kwenye ngazi za jikoni, mkononi ameshika mfuko wa takataka, na hakuinuka tena.

Sasa ilikuwa Novemba, siku ya wafu, ambapo marehemu hurudi kutembelea kwao, na Tencha alikuwa amemwandalia meza sebuleni kama kila mwenye msiba mtaani: picha yake, mishumaa, maua ya manjano, glasi ya maji, na tangu jana sahani ya chili. Wifi yake Chayo alipita asubuhi akiwa na ndoo na ufagio, anakwenda kusafisha makaburi. Hakuketi. Alichukua kijiko akaenda moja kwa moja kwenye ile sahani, maana wafu hawali nyama, wanakula ladha. Chakula kikikosa ladha mdomoni kama maji, basi mwenyewe amefika.

Chayo akaonja. Akatikisa kichwa.

"Chumvi ipo, pilipili ipo. Hajaja." Kisha akainama kuitazama sahani vizuri. "Tencha, hiki nini? Maharage?"

"Yalikuwemo kwenye mkebe."

"Yesu na Maria! Kaka yangu mtu wa Texas, kwetu chili ni nyama tupu, unamwekea ya maharage? Mimi mwenyewe nikifa hapa siji, bora nikale kwa majirani!"

Chayo alicheka mpaka akashika ubavu. Tencha hakucheka. Alikuwa ameshika kiti cha marehemu kwa mikono miwili.

"Wifi, usinifiche. Nisipomtengenezea, inakuwaje?"

Chayo akaacha kucheka. "Mama alikuwa akisema mwaka wa kwanza ndio wanajifunza njia. Asiponusa kwake, kengele za jioni zikilia anaondoka na wenzake, na mwakani hajui tena arudi wapi."

Tencha akaitazama ile picha ya mumewe. Kumzika alishamzika. Kumpoteza mara ya pili, kwa sababu ya mkebe, hilo asingeliweza.

Chayo akatoa kwenye kapu lake mfuko wa pilipili kavu, pana na nyeusi kama tende. "Nilinunua za kwangu, chukua. Toa mbegu, kaanga bila mafuta mpaka zilainike na kunukia. Zikiungua umekwisha, ule uchungu hautoki. Nyama katakata kwa kisu, usinisagie. Mengine muulize mama."

"Mama si amekufa?"

"Ndiyo. Na leo ni siku gani?" Akabeba ndoo yake, akaenda.

Tencha alibaki peke yake. Kinu cha jiwe cha mama mkwe kilikuwa juu ya kabati, miaka yote kikitunza vifungo na funguo zisizo na mlango. Akakimwaga, akakiosha. Akabandika chuma cha kukaangia, akapanga pilipili, akaanza kukata nyama. Hakuwa amezoea. Vipande vingine vilikuwa kama kidole gumba, vingine kama ngumi, na jasho lilimtoka ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Ndipo mtu akakohoa sebuleni.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kikafuatwa na kofi la kiganja kifuani, halafu pumzi ndefu. Tencha alikijua. Mama mkwe alipokuwa akikaanga pilipili, Cuco alisimama mlangoni akikohoa hivyohivyo, anafukuzwa na haondoki.

Akageukia jiko. Pilipili zilikuwa zinaanza kuwa nyeusi pembeni. Lo! Akaziopoa haraka, akazitumbukiza kwenye maji moto. Zilinusurika chupuchupu.

"Cuco?" aliita.

Akaenda kuchungulia. Sebuleni mishumaa ilikuwa inawaka wima, bila upepo, na kile kiti alichokiacha kimesogezwa mezani kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, upana wa kumtosha mtu kukaa. Aliogopa, jamani, tusimsingizie ushujaa. Lakini alirudi jikoni, kwa sababu alichokiogopa zaidi ni zile kengele.

Akaikaanga nyama kwa mafuta ya ng'ombe, akatia vitunguu saumu. Akatwanga pilipili na bizari nyembamba, na alipotaka kuongeza konzi nyingine ya bizari, kikohozi kikaja tena, karibu zaidi, mlangoni. Akairudisha bizari koponi. Hakugeuka kutazama.

"Haya, nimeelewa," alisema. "Hata ukifa bado unanisimamia, eh?"

Sufuria ikachemka mchana kutwa, taratibu. Jua lilipoanza kuinama akakoroga unga kidogo wa mahindi ili mchuzi ushike, akaonja. Pilipili ikampanda mpaka machozini, chumvi imekaa mahali pake. Mama mkwe mwenyewe asingeikataa. Akapakua sahani moja, akaiweka mezani mbele ya kile kiti, akafunika sufuria, akaenda kukaa kwenye ngazi za jikoni. Hakuthubutu kukaa ndani.

Kengele za kanisa zikalia. Zilipokoma, Chayo akaingia getini, viatu vimejaa udongo wa makaburini.

"Harufu nimeikuta njia panda! Wifi, leo umepika!"

Wakaingia pamoja. Chayo akachota kwenye sahani ya marehemu, akatafuna. Machozi yakamlengalenga. "Haina ladha hata kidogo," alinong'ona. "Amekuja, Tencha. Amekuja." Wakakumbatiana. Kisha Chayo, mwenye njaa tangu asubuhi, akaenda jikoni na bakuli lake, akafunua sufuria, akajipakulia ya moto. Akala kijiko kimoja. Akala cha pili, akakunja uso.

"Chumvi ulitia? Hata pilipili siisikii. Hii ni nyama na maji matupu."

Tencha akamnyang'anya kijiko, akaonja. Akachimba chini kabisa ya sufuria, akaonja tena. Ilikuwa bado nyekundu, bado inafuka moshi, na mdomoni haikuwa na kitu.

Akakaa sakafuni palepale, kijiko mkononi.

"Sufuria nzima," alisema. "Alikuwa na njaa, Chayo. Miaka yote ile mume wangu alikuwa na njaa, na mimi namwambia kesho."