Mume wangu aliulizwa "Mtu wako ni nani?" akamtaja jirani

Admin, nifichie jina, maana ninayemsema anafuata ukurasa huu na hapitwi na kitu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mkenya, nauza sufuria hapa Katwe, Kampala. Mume wangu ni Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, zamani alikuwa mwanajeshi, sasa ni mlinzi wa baa moja Kabalagala. Tuna binti mmoja, nitamwita Mercy. Nyumbani tunaongea Kiswahili, yeye chake cha kambini, mimi changu.

Mwaka huu mume wangu alipatikana na kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Niliogopa, siwafichi. Nilimtengea kikombe na sahani, nikavitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha ili Mercy asivichanganye. Baadaye sista wa kliniki alinieleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa vyombo, unapita kwa hewa, nifungue madirisha na yeye avae barakoa. Lakini ile rangi sikuifuta.

Siku ya kuanza dawa sista alimuuliza, "Mtu wako ni nani?" Kumbe pale kila mgonjwa huchagua mtu wa kukaa naye kila siku akimeza dawa. Mimi nilikuwa kando yake, nimepakata mkoba wake, na nilishaanza kutafuta kitambulisho changu. Mume wangu akamtaja Akello.

Akello ni jirani yetu, mjane, anauza simsim ya kusaga. Aliwahi kuugua ugonjwa huu huu akapona. Nilimuuliza sista kama mke anaweza kurukwa hivyo. Akanijibu kwa upole, "Mama, mgonjwa ndiye anachagua. Sisi tunaandika tu." Akaandika kwenye kadi, mtu wake ni Akello.

Basi kila asubuhi Akello anakuja, wanakaa nje kwenye benchi, dawa na maji katikati. Wanaongea Kiacholi na kucheka. Mimi Kiacholi sijui. Neno nililolishika ni "afande", na mara mojamoja jina langu. Nilisimama nyuma ya pazia na mwiko mkononi mpaka uji ukaungua. Mume wangu hajacheka na mimi hivyo tangu Mercy azaliwe. Najua mtasema wivu ni kidonda. Kidonda ninacho, na nilikikuna mwenyewe.

Mwezi wa tatu wa dawa nilishindwa. Nilimwambia Akello kwamba Baba Mercy anaona aibu, anataka nimsimamie mimi. Kisha nikamwambia mume wangu kwamba Akello amechoka naye. Wote wawili waliniamini. Kliniki hawajui, kadi bado ina jina lake.

Nikaanza kukaa mimi kwenye benchi. Anameza kimya, ananirudishia bilauri, anaingia ndani. Nikajiambia nimeshinda. Wiki iliyopita nikitoa viatu vyake vya jeshi nivipige rangi, nikakuta soksi ndani, na ndani ya soksi vidonge vya siku nne, kumbe mbele yangu alikuwa akivibana shavuni. Sista alishatuonya kwamba ukiruka dawa hizi ugonjwa unazidi usugu, na zinazobaki baada ya hapo ni chache. Nilimwendea nikilia. Akanitazama, akasema:

"Wewe unanililia kama nishakufa. Kikombe yangu ulipaka rangi. Akello yeye alikaa na mimi, haniogopi."

Ndipo akanieleza vile vicheko. Dawa zile zinamchoma miguu na kumtapisha, na Akello alimfundisha kukipa kila kidonge cheo cha wakubwa waliomsumbua jeshini. Hiki koplo, hiki sajenti, kile kikubwa meja. Anakipigia saluti, anakimeza. Na jina langu je? Akasema walikuwa wanapanga siku akipona anipeleke kwao Gulu nikaonwe na mama yake. Miaka kumi na miwili nimengoja safari hiyo.

Halafu akaniuliza polepole, "Kweli Akello alisema amechoka na mimi?"

Nikasema ndiyo. Sijui mdomo huo niliutoa wapi.

Tangu siku hiyo anameza moja, nyingine anasema atameza baadaye. Nikisema ukweli, atajua nimemnyang'anya mtu wake kwa uongo, na nyumba yangu itavunjika. Nikinyamaza, nitamzika. Kesho kutwa ni siku yetu ya kliniki na sista ataomba kuona dawa zilizobaki.

Leo asubuhi nimekutana na Akello bombani. Hana kinyongo. Ameniuliza kama Baba Mercy anameza vizuri, kama miguu bado inamchoma, kisha akanipa kopo la simsim, akasema, "Mama Mercy, mpe apakie mkate kabla ya dawa, itamtuliza tumbo." Kopo liko hapa mezani, karibu na kile kikombe chenye alama. Mume wangu anaijua simsim ya Akello hata akifumba macho. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini, maana nikimpakia mkate huu ataonja, kisha ataniuliza.