Ng'ombe Waliokatisha Uwanja wa Ringwani

Wakati huo nilikuwa katibu wa mashabiki wa timu yetu ya mtaani, pale Bomani, Tarime. Kazi yangu kubwa ilikuwa mechi za ugenini: kutafuta basi, kuandikisha watu, kutuma maelekezo ya safari kwenye kundi letu la simu. Tulipopangiwa kucheza Ringwani, wilaya ya Serengeti, niliandika kwamba kila mtu aje na maji na mwavuli, maana uwanja hauna kivuli. Avae viatu vya kufunga, kwa sababu mvua ikinyesha basi tutalisukuma wenyewe. Wazee tuwaamkie kabla ya kutafuta pa kukaa. Mwamuzi asitukanwe, hata akikosea. Kuhusu mifugo sikuandika neno. Mimi nimekulia huku, nikadhani kila mtu anajua.

Katika msafara alikuwemo mchimbaji wa dhahabu, mtu wa Shinyanga, aliyeipenda timu yetu kuliko sisi wenyeji. Alibeba vuvuzela.

Kipindi cha pili kilipoanza, ng'ombe kama ishirini walikuwa wakipita nyuma ya goli kwenda kunywa maji. Hapo hapo tukasawazisha. Yule mchimbaji akapuliza vuvuzela kwa nguvu zake zote, na ng'ombe wakatawanyika. Wengine walikatisha uwanjani, wengine wakaingia kwenye mahindi. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Mchimbaji akatupa vuvuzela chini, akaanza kuwakimbiza, na wenzetu wanne wakamfuata.

"Simameni!" nikawaita. "Rudini mkae chini!"

Wakasimama. Mchimbaji akanigeukia. "Dada, nataka kuwarudisha tu."

"Mimi najua. Wale hawajui."

Upande wa pili wanaume walikuwa wameshasimama, fimbo mkononi. Huku watu wameibiwa mifugo miaka mingi. Mgeni akionekana anakimbia nyuma ya ng'ombe wa watu, hakuna anayesubiri kumuuliza anakwenda wapi.

Mwenye ng'ombe akaja kwetu, mama mtu mzima aliyevaa mabuti ya mvua. Nilimshika mchimbaji mkono tukamfuata.

"Shikamoo, mama," tulimwamkia.

"Marahaba. Nani amepuliza hilo dude?"

"Ni mimi, mama. Nimekosa, naomba unisamehe."

"Kwenu wapi?"

"Shinyanga."

"Shinyanga hakuna ng'ombe?"

"Wapo, mama. Nimechunga tangu utoto."

"Sasa ukapuliza kwa nini?"

Mchimbaji aliangalia chini. "Tulikuwa tumefunga bao," akasema.

Mama hakucheka. Aliwaambia wale wanaume washushe fimbo, kisha akamwambia mchimbaji, "Twende tukawatafute." Nilipotaka kwenda nao alinikatalia. "Wewe baki na watu wako."

Mechi ikaendelea na tukafungwa mbili kwa moja, lakini sikuiona vizuri. Macho yangu yalikuwa kwenye njia ya mashambani. Mpira ulipoisha, dereva akaanza kulalamika kwamba tutachelewa. Nikamwambia hatuondoki bila mtu wetu, hata kama tutalala Ringwani.

Walitokea jua likiwa bado lipo, mama mbele, ng'ombe katikati, mchimbaji nyuma, suruali imejaa tope hadi mapajani. Ng'ombe wote walikuwepo.

"Mmoja aliangukia korongoni, na ana mimba," mama aliniambia. "Huyu ndiye aliyeshuka. Alikaa naye anamsemesha kilugha chao mpaka akatulia, tukamtoa."

Ndani ya basi mchimbaji hakuuliza matokeo. Alikaa dirishani, akaniambia kwamba ana miaka mitatu anashuka mashimoni, na muda wote huo hajagusa ng'ombe. Alikuwa amesahau joto la ubavu wa ng'ombe.

Mwezi uliofuata alipanda gari peke yake kwenda Ringwani, siku ambayo hapakuwa na mechi. Yule ng'ombe wa korongoni alikuwa amezaa, na mama alikuwa amempigia simu aje kumwona ndama.