Baba yangu alitozwa amande ya kaske akiwa maiti

Wakuu, jambo yenu. Sikunywa, sikuota. Kama nadanganya, pikipiki initupe kesho.

Baba alifia hospitali Kasongo, sisi tukataka kumuzika kwetu Wamaza. Gari hakuna. Na kwa ile barabara maiti iko na takse yake kwa kila bariere, kodi kubwa kuliko ya mutu muzima. Ndiyo maana watu wa kwetu mufu tunamuketisha kwa pikipiki kama abiria. Musinicheke, shida ndiyo ilitufundisha.

Saleh, motari, mbele. Baba katikati, koti mpaka kidevuni, amefungwa na kitenge kwa mugongo wa Saleh. Mimi nyuma, namushika. Kofia yake nyekundu ya sufu nilimuvua, nikaitia kwa begi isipeperuke.

Bariere ya kwanza, kamba imekatiza njia, tukalipa.

"Muzee anaumwa?"

"Anaumwa, chef."

Ya pili, polisi akazunguka pikipiki polepole. "Huyu wa katikati hana kaske. Amande!"

Wakuu, nilikasirika. Kaske ya nini, kofia ngumu ya maiti asivunjike kichwa? Lakini ningefungua mudomo, wangemugusa, wangekamata pikipiki, na baba angelala kando ya njia. Nikalipa ile faini. Pesa yangu ikaisha pale.

Ikabaki noti ya baba mwenyewe. Maisha yake yote hakusafiri bila noti ya bariere, ameibana na pini ndani ya mufuko wa shati. Hakupenda kubishana na watu wa kamba, si kama mimi. Wakati namuvalisha niliiona, nikaiacha pale pale.

Karibu na Wamaza, bariere ya mwisho. Kamba, na bwana mumoja wa takse amekaa kwa jiwe. Kimya, hata ndege hakuna.

Nikaingiza mukono ndani ya koti la baba. Pini ipo, imefungwa vizuri. Noti hakuna.

Yule bwana akashusha kamba. "Piteni tu. Muzee wa kofia nyekundu alishawalipia. Amepita sasa hivi kwa muguu, anachechemea."

Yesu wangu! Baba, wakati wa uhai wake, alikuwa anachechemea.

Saleh akatia gia. Alikuwa anatetemeka mpaka mwili wa baba ukatetemeka mikononi mwangu. Mimi nililia mpaka nyumbani.

Tukamuzika na kofia yake.

Siku ya kurudi Kasongo nikasimama pale pale, nikamuuliza yule bwana: na ya kurudi, muzee hakulipa?

"Nilimuomba," akasema. "Akacheka. Akasema yeye harudi."

Nikalipa bila kubisha na bila hasira, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Funzo nililopata: kwetu hata kufa hakukuondoi kwa takse. Na barabara bado ni mashimo matupu. Sasa, mwenye anajua ile noti ya baba iliingia kwa sanduku gani la takse, aseme hapa chini. Mimi naogopa kurudi kuuliza.