Hatua Kumi na Moja

Kocha wetu pale Geelong, Australia, hakuwa na kawaida ya kututazama. Tulipokuwa tukisukuma kigari cha mazoezi kilichojazwa vyuma, kisha kukimbia mzunguko, ndani ya lile ghala la zamani la sufu, yeye aligeukia ukuta, saa mkononi, chaki nyuma ya sikio, akisikiliza viatu vyetu. "Tahlia, mwanangu, kigari hakina kosa," aliniambia kila Jumamosi kwa ile sauti yake ya mafua. "Ukishakiacha, unatembea hatua kumi na moja ndipo ukimbie. Umetumwa dukani?" Kisha aliandika muda wangu mlangoni na kupangusa vidole vya chaki kwenye suruali yake ileile ya kila wiki. Nilikuwa namchukia hadi wakati wa chai.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano ya Melbourne, nilikiacha kigari nikachomoka mbio papo hapo. "Nani huyo?" akauliza, akageuka. Alinitazama, mdomo wazi, hadi nikamaliza mzunguko.

"Nimetumia muda gani, Kocha?"

Akaiangalia saa. Ilikuwa bado inakwenda.

Aliandika jina langu mlangoni, mbele ya jina akaacha nafasi ya muda wazi. Mpaka siku ghala linabomolewa, hakuruhusu mtu aandike hapo.