Fundi Aliyekwenda na Koleo Kwenye Hotuba ya Upendo

Mume wangu hakuwa na mwanamke wa pembeni. Naanza na hilo ili aliyekuja kusoma kwa ajili hiyo aachie hapa, akaendelee na shughuli zake.

Maneno yamezuka upya tangu sauti ya yule mama mzungumzaji ilipoanza kuzunguka kwenye simu za watu. Anasikika akisema, mbele ya ukumbi uliojaa: "Fundi wangu ndiye aliyenifundisha upendo unaanzia wapi." Basi mtaa ukachemka. Fundi wake! Nimefundisha sarufi mpaka nikastaafu, na naomba kuwakumbusha majirani zangu kwamba neno "wangu" si cheti cha ndoa. Kila mtu ana kinyozi wake, na sijasikia aliyemposa.

Fundi anayetajwa ni marehemu mume wangu. Aliyoyasema yule mama ni kweli tupu, ila amesimulia nusu tu, maana nusu ya pili ilitokea sebuleni kwangu na yeye hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mume wangu alikuwa fundi umeme, na watu walimwita Bwana Waya. Kaka yake mkubwa alikuwa fundi cherehani. Huyo walimwita Sindano, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa ulimi wake. Nyumba tunayokaa ilikuwa ya baba yao. Mzee alipofariki, ndugu hawa wawili walikosana vibaya, wakaigawa nyumba kwa ukuta wa matofali kutoka mbele mpaka uani. Ukuta ulipasua sebule katikati. Ulipofika kwenye dirisha kubwa linalotazama barabara, hakuna aliyekubali kulikosa, kwa hiyo kila mmoja akabaki na ubao wake mmoja wa dirisha. Mpita njia aliona dirisha moja zuri. Ndani yake zilikuwa nyumba mbili zisizosalimiana.

Tuliishi hivyo miaka mingi. Watoto wetu walikua, binti wa Sindano akaolewa mbali, mke wake akafariki. Siku ya mazishi mume wangu alisimama nyuma kabisa ya watu, kama mgeni aliyekosea njia.

Kisha tukasikia kwamba Sindano anahama. Binti yake amemwita akaishi naye, na hatarudi. Hakutuambia yeye, tulisikia kwa watu. Halafu tukaanza kusikia nyundo upande wa pili, anagongelea misumari makasha ya vyombo vyake. Lori lingekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mume wangu alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kugundua. Nilipombana sana akanijibu: "Akiondoka, Mwalimu, ndiyo basi. Nitazikwa sijasema naye."

"Si uende ukagonge mlango?"

"Niseme nini?"

Hapo ndipo palipokwama. Hakuwa mtu mwenye kiburi, yeyote aliyemjua atawaambia hivyo. Alikuwa mtu asiyejua neno la kwanza ni lipi.

Siku hizo hizo akaona tangazo. Lilibandikwa kwenye mlango wa duka alikonunua vifaa vyake, baina ya picha ya feni na bei za balbu: MUUNGANISHO WA KWELI. NJOO UJIFUNZE KUUNGANISHA KILICHOKATIKA. MTAALAMU KUTOKA MBALI. JUMAPILI ALASIRI, UKUMBI WA MJI. KIINGILIO BURE. Sasa niambieni, tangazo la namna hiyo, kwenye mlango wa namna hiyo, fundi umeme alielewe vipi?

Alirudi nyumbani amechangamka.

"Mwalimu, Jumapili tuna semina."

"Tuna semina sisi? Mimi waya naujulia wapi?"

"Wewe utanishikia maneno magumu. Wataalamu wa mbali hawaongei kama watu."

Jumapili akavaa shati jeupe nililompigia pasi, juu yake akaning'iniza mkoba wa kazi, na ndani koleo, bisibisi ya kupimia umeme, utepe mweusi wa kufungia waya, kila kitu. Nikamwuliza mkoba wa nini. "Huwezi jua," akasema. "Pengine kutakuwa na vitendo."

Ukumbi ulikuwa umefurika. Watu walikuja wawili wawili, wameshikana mikono, na manukato yalikuwa mazito hewani. Mume wangu akavuta pumzi, akaninong'oneza, "Mafundi wa siku hizi wananukia." Akanivuta mpaka safu ya mbele kabisa, ili asipitwe na kitu.

Yule mama akapanda jukwaani. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza. Hakuwa na ubao, wala chombo chochote mkononi. Alitutazama muda mrefu, kisha akauliza: "Wangapi hapa, nyumbani kwao, kuna mahali pamekatika?"

Watu wakainamia viatu vyao. Mume wangu akanyoosha mkono juu mpaka kiti kikalia.

"Asante, baba. Huo ni ujasiri mkubwa."

"Ujasiri gani?" akaniuliza. "Si ndiyo kazi yenyewe?"

Mama akaanza kuzungumza, na mimi, ambaye nimesikiliza hotuba nyingi maishani na kusinzia katika nyingi zaidi, nilijikuta nimekaa wima. Alisema watu hawaachani siku wanayogombana. Wanaachana siku salamu inapokuwa mzigo. Alisema wengi wetu tunangoja kujisikia upendo ndipo tuongee, na kumbe ni kuongea ndiko kunakouamsha. Mume wangu akanigusa kiwiko.

"Mbona hafiki kwenye waya?"

"Fundi, nadhani hapa hapana waya."

"Subiri. Huo ni utangulizi."

Ulipofika wakati wa maswali, wa kwanza kusimama alikuwa yeye, mkoba begani. Nilimvuta shati. Akaupangua mkono wangu kama anafukuza nzi.

"Mama, mimi ni fundi," akaanza. "Swali langu ni hili. Waya ukikatikia ndani ya ukuta, na ukuta wenyewe hutaki kuubomoa, unauunganisha vipi?"

Nyuma yetu mwanamke mmoja akasema "Jamani!" na kutoa kitambaa akajifuta macho. Mwingine akaanza kupiga makofi, wa pili akafuata, na mara ukumbi mzima ukawa umesimama unashangilia. Mume wangu akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Wanashangilia nini? Hata hajajibu!"

Yule mama alishuka ngazi za jukwaa akaja kusimama mbele yake. Sijui hata leo kama alijua kwamba anaulizwa habari za waya wa shaba. Lakini hakumcheka, na kwa hilo namheshimu.

"Fundi, wewe mwenyewe huwa unaanzia wapi?"

"Mimi? Natafuta kwanza umeme unakomea wapi. Napima, napima. Nikipata mahali ambapo bado panawaka, hata kidogo, naanzia hapo. Upande wa giza siugusi kwanza."

"Na ukuta huo uko wapi?"

"Kwangu nyumbani."

"Upande wa pili anakaa nani?"

Nilimwona mume wangu akifungua mdomo kujibu upesi. Mkoba ukateleza begani, ukaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Kaka yangu," akasema.

Sasa hata mimi niliinuka. Yule mama aliinama, akaokota mkoba, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini kwa kimya kile tuliisikia sote: "Kati yako na kaka yako, panapowaka bado ni wapi? Nenda kaanzie hapo."

Hayo ndiyo yote yaliyopita kati yao siku ile, mbele ya mji mzima na mbele yangu mimi mke wake. Wanaotaka kuongeza, waongeze kwenye habari za kwao.

Tulirudi kwa miguu. Alitangulia yeye. Ghafla akasimama katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akamtukana.

"Mwalimu! Alhamisi huwa tunacheka saa ngapi?"

Nikadhani jua limempanda kichwani. Kisha nikaelewa, nikashika mdomo. Kila Alhamisi jioni redio ilikuwa na mchezo wa kuchekesha. Sisi tuliusikiliza upande wetu, Sindano akausikiliza upande wake. Ilipofika pa kucheka, ndugu hawa wawili walicheka pamoja, kicheko kile kile, cha baba yao, kinachoanza na kukohoa. Kila mmoja akisikia mwenzake anacheka, alinyamaza papo hapo, kama amefumaniwa. Miaka yote hiyo hatukuwahi kulitaja. Na hicho kilikuwa kitu pekee kilichopita kwenye ukuta ule.

Sijawahi kuingoja Alhamisi kama nilivyoingoja ile. Jioni ilipofika mume wangu alisogeza kiti mpaka ukutani. Mimi nilitandika nguo nipige pasi, nikijifanya sina habari. Mchezo wa siku hiyo ulikuwa juu ya mtu anayejifanya kiziwi ili asiongee na mama mkwe wake. Mama mkwe anampigia kelele, yeye kimya. Mwishowe mama mkwe ananong'ona peke yake, "Basi hii nyama niliyomletea nitairudisha," na kiziwi anaruka kitini: "Karibu ndani, mama!"

Wakacheka wote wawili. Kikohozi, halafu kicheko. Sindano akanyamaza kama kawaida. Mume wangu hakunyamaza. Aliendelea kucheka hadi alipoweza kusema, na akasema kwa nguvu, mdomo karibu kugusa matofali:

"Kaka! Umemsikia?"

Redio mbili zinaongea maneno yale yale, na hakuna jibu. Mume wangu alinitazama, uso umemshuka. Nilisikia harufu ya kuungua, nikakumbuka pasi. Sikuiinua.

Kisha upande wa pili:

"Nani anauliza?"

"Mimi."

"Mimi nani? Huko wanakaa watu wengi."

"Mdogo wako."

Halafu ile sauti kavu ya Sindano:

"Nimemsikia. Uziwi wa hivyo nilishauona kwa mtu, kila akiitwa kuoga."

Mume wangu alicheka akalia, akalia akacheka, paji la uso limeegemea ukuta. Mimi niliruka pale pale, mtu mzima, mwalimu mkuu mzima, na sketi yangu imeshapata tundu la umbo la pasi.

Waliongea kupitia ukuta mpaka mchezo ukaisha, na hakuna aliyejua ulivyoishia. Kisha nikasikia ubao wa pili wa dirisha unafunguliwa. Mume wangu akafungua wetu. Vichwa viwili vyenye mvi vikatokeza kwenye dirisha moja, vikatazamana kwa karibu kuliko walivyotaka.

"Umezeeka," akasema mume wangu.

"Na wewe umenenepa. Hilo shati nani alikushonea? Bega moja linakwenda sokoni, la pili linarudi."

"Nimenunua dukani."

"Inaonekana."

"Unahama kweli, kaka?"

"Lori limeshaagizwa."

"Liambie lirudi."

"Lori si mbwa, huliambii rudi." Kisha akaniona mimi nyuma. "Shemeji, huyu anakulisha kweli, au anakula peke yake?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita shemeji tangu ukuta ujengwe.

Jumamosi lori likaja. Dereva alikuta makasha yamepangwa mlangoni na ndugu wawili, kila mmoja na nyundo kubwa, wameujia ukuta kutoka pande mbili, wakibishana ni tofali lipi litoke kwanza. Majirani walijaa barabarani. Dereva akauliza abebe nini. "Haya hapa," akasema Sindano, akionyesha rundo la matofali, "na uyapeleke mbali." Wakapakia vifusi siku nzima, wamejaa vumbi, wakitaniana kama watoto wa shule. Makasha tukayarudisha ndani.

Kuna watu wanasema hotuba ni upepo, unasisimka ukumbini na ukifika nyumbani umesahau. Labda kwa wengine. Mume wangu aliishi na maneno yale maisha yake yote yaliyobaki. Akienda kutengeneza swichi kwenye nyumba ambayo baba na mwana hawasemi, alimaliza kazi yake, akakusanya vifaa, halafu akauliza taratibu: "Hapa ndani panapowaka bado ni wapi?" Wengine walimfukuza. Wengine walikaa chini wakafikiri, na ninazijua nyumba ambazo leo watu wanakula pamoja kwa swali lile. Sizitaji, maana na wao wana heshima zao. Wanangu wanaulizana hivyo wenyewe wakikosana, na wake zao wameshazoea.

Yule mama aliporudi mjini mwetu, tulikwenda kumwona sote watatu, mume wangu, mimi na Sindano. Alipomaliza kusikia habari alimkumbatia Sindano kwanza, ili tuelewane. Tangu hapo anaisimulia kila anakokwenda, na anasema "fundi wangu" kwa fahari. Aendelee. Mimi nimempa ruhusa.

Mume wangu amefariki akiwa ameshikwa mkono na kaka yake. Sindano yuko hai, anakaa vyumba vyake, mimi vyangu, na Alhamisi tunasikiliza redio moja. Anayeona ubaya hapo, macho ni yake.

Najua kinachofuata. Mtaniuliza ndugu hawa waligombania nini hata wakajengeana ukuta. Nimeshasikia mnavyobuni, na nimesikia pia mnavyoliingiza jina langu. Ninachojua nakijua chote, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Wenye ugomvi waliumaliza wenyewe, mmoja wao yuko kaburini.

Sisemi. Wala Sindano msimfuate, naye hasemi.