Makande Yasiyo na Mafuta

Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na mafuta ya kupikia yakajaa tena madukani Lushoto baada ya miaka ya kupanga foleni, Dorothea ndipo alipoamua kuacha kuyala. Watu walimshangaa, na siwalaumu. Shida zimeisha, mtu anaanza kujinyima!

Hakufanya kwa kujidai. Alikuwa mnene hadi magoti yakagoma kupanda mlima, na presha ilikwisha kumlaza hospitali. Daktari alimwambia aache mafuta, nyama na maziwa, ale vya shambani jinsi vilivyo, na ale ashibe: ugali wa dona badala ya sembe, maharage, ndizi za kuchemsha, maboga, mboga za majani bila kukaanga. Kwa mwanamke wa Kibena aliyekuja Usambara kuchuma chai akiwa msichana, hicho hakikuwa chakula kigeni. Ndivyo mama yake alivyompikia. Uzito ukashuka, ukafika mahali ukatulia. Kila alipopanda mizani ya kupimia magunia ya kabichi, mshale ulisimama palepale, naye akashuka akicheka peke yake.

Lakini miaka ile kukonda kulikuwa kesi. Kulikuwa na ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona tu. Rubeni, mume wa Dorothea, alikufa kwa kuangukiwa na mti, na wanaume wa kambi ya chai walimbeba wenyewe. Sasa kifo chake kikaanza kutafutiwa sababu nyingine. Kwenye sherehe ya kipaimara Dorothea alitengewa sahani yake pembeni. Kina mama wa kanisani wakamwambia apumzike, wasimchoshe na kazi ya kupika. Upole wa namna hiyo unaumiza kuliko matusi.

Akabaki na Esteria, jirani yake, Mshambaa ambaye Dorothea alimsaidia kulea watoto wake. Mwanawe mwenyewe, Paskali, alikuwa Dar es Salaam na hakuwa mtu wa barua. Bila Esteria, jua lingechomoza na kuzama bila mtu kumwita Dorothea kwa jina. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko presha.

Basi Esteria akaanza kumletea makande kila jioni. Alisema ameyapika bila mafuta, kama anavyopika Dorothea, kisha akakaa mlangoni wakipiga soga huku mwenzake anakula. Yeye, alisema, alikwisha kula nyumbani. Makande yalikuwa matamu ajabu. Baada ya muda kichwa kikaanza kumgonga Dorothea, magoti yakarudia kelele zao, na gauni lake la mtumba likambana kifuani. Akalaumu uzee.

Asubuhi moja ya Julai, kwenye baridi ya kuuma, alifunua bakuli alilobakiza jioni. Juu ya mahindi na maharage palikuwa pameganda utando mweupe, mgumu, wa mafuta ya ng'ombe. Alilifunika tena, akaliweka kando amwonyeshe mwenyewe.

Jioni Esteria hakukana. Alieleza kwamba wanawe walimkataza kuingia nyumba hii, naye akawaapia kuwa jirani yao ni mzima, wasubiri tu, watamwona akinenepa.

"Nilitaka wanyamaze, Mama Paskali," alisema. "Nilitaka wakuone una mwili."

Hasira za Dorothea zikaisha. Kumbe alikuwepo mtu wa kumtetea! Alimshika mkono, akamwambia mambo yamekwisha, ila mafuta asitie tena. Jikoni alikuwa na magimbi na maharage yaliyoiva vizuri. Akayapakua yote kwenye sinia moja, wakanawa, naye akamega tonge la kwanza kwa furaha.

"Karibu tule, Mama Heri."

Esteria aliitazama sinia. Akautazama mkono wa Dorothea uliorudi tena kwenye chakula. Kisha akasema ameacha maji motoni, atakuja kesho, akajifunga kanga yake na kutoka.

Dorothea alibaki mbele ya chakula cha watu wawili. Ndipo alipokumbuka kwamba katika jioni zote zile Esteria hakuwahi kuonja hata punje katika bakuli lake. Moyo ulimuuma kuliko siku alipomzika Rubeni. Yule aliyewaapia wanawe kwamba Dorothea ni mzima, mwenyewe hakuwa ameamini.